Uvimbe wa tezi za mate: kwa nini labo inaomba kipimo kingine?

Mama mmoja wa kwaya ya parokia yetu alikuwa na uvimbe mbele ya sikio la kushoto. Ulianza kama punje ya maharagi. Haukuuma, haukutoa usaha, na yeye aliufunika kwa kitambaa cha kichwa kwa zaidi ya miaka mitatu. Ulipofikia ukubwa wa yai ndipo watoto wake walipomlazimisha kwenda hospitali. Daktari alikata kipande kidogo, akakituma kwenye labo ya mji mwingine, na baada ya wiki tano karatasi ikarudi.

Karatasi hiyo ndiyo iliyoleta shida. Ilisema kwamba uvimbe unatoka kwenye tezi ya mate, kwamba seli zake zinafanana na za aina mbili tofauti, na kwamba imunohistokemia inahitajika ili kuzitenganisha. Gharama yake ilizidi mshahara wa mwezi wa mwalimu wa shule ya msingi. Familia ikaketi, na mimi nikaitwa. Kijana wake mkubwa alisema wazi: "Pasta, hawa watu wanakula pesa yetu. Wameshatazama kwa mikroskopu. Wanataka kuona nini tena?" Mama mwenyewe hakulalamika juu ya pesa. Alidhani atakatwa tena usoni, na alikuwa amekwisha kuamua kwamba harudi.

Jioni ile sikuwa na jibu. Niliomba nao, nikarudi nyumbani, na kesho yake nikampigia simu rafiki yangu ambaye ni daktari wa patolojia, yaani yule anayesoma vipande vya mwili kwenye labo. Alinieleza kwa uvumilivu, akanipa na vya kusoma. Ninaandika hapa yale ambayo ningependa kuwa nimewaambia siku ile, kwa sababu ninajua si familia moja tu iliyoshika karatasi ya namna hiyo mkononi.

Tezi zenyewe

Kila mtu ana jozi tatu za tezi kubwa za mate. Iliyo kubwa kuliko zote inaitwa parotidi. Imelala mbele na chini kidogo ya sikio, nayo ndiyo inayovimba mtoto akishikwa na matumbwitumbwi. Jozi ya pili iko chini ya taya, ya tatu iko chini ya ulimi. Mbali na hizo kuna tezi ndogondogo mamia kadhaa zilizotawanyika kwenye kaakaa, ndani ya midomo na mashavu. Katikati ya parotidi hupita neva ya uso, ambayo inagawanyika humo humo kuwa matawi: moja la kufumba jicho, moja la kukunja paji, moja la kuinua pembe ya mdomo. Ndiyo maana daktari wa upasuaji hachezi na eneo lile, na ndiyo maana mtu asiyejua kazi akichanja pale kwa wembe anaweza kumwacha mgonjwa na uso uliopinda maisha yake yote.

Si kila uvimbe wa mahali pale ni kansa, wala si kila uvimbe unatoka kwenye tezi. Kuna jiwe linaloziba mfereji wa mate, na huo huuma hasa wakati wa kula. Kuna kifua kikuu cha matezi ya shingo. Kuna pia mifuko ya maji ndani ya parotidi ambayo huonekana kwa baadhi ya watu wenye virusi vya UKIMWI. Kwa hiyo daktari akiomba kipimo hicho asionekane kwamba anamtukana mgonjwa.

Baki sasa uvimbe halisi wa tezi yenyewe. Mwingi huota kwenye parotidi, na ule wa parotidi, karibu robo tatu au zaidi, si kansa. Lakini hesabu hiyo hubadilika kadiri tezi inavyokuwa ndogo. Ukiota kwenye tezi ndogo za kaakaa, uwezekano wa kuwa kansa unakaribia nusu kwa nusu. Ukiota chini ya ulimi, ambako si kawaida, mara nyingi ni kansa. Kwa hiyo kivimbe kidogo kigumu kwenye kaakaa, kisichouma, kisidharauliwe kwa sababu ni kidogo.

Uvimbe unaoonekana mara nyingi kuliko wote unaitwa adenoma ya pleomofiki. Waliopita shule ya teolojia wataona Kigiriki humo: "aden" ni tezi, "pleion" ni zaidi, na "morphe" ni umbo, neno ambalo kila mwanafunzi hukutana nalo katika Wafilipi sura ya 2. Ni uvimbe wa maumbo mengi: mahali pengine una mifereji, mahali pengine unateleza kama ute, pengine mgumu kama gegedu. Si kansa, lakini una tabia mbili mbaya. Ukikamuliwa au kung'olewa kama jipu, unaacha mabaki, na baada ya miaka unarudi ukiwa vivimbe vingi badala ya kimoja. Na ukiachwa miaka mingi sana, sehemu yake inaweza kugeuka kuwa kansa.

Zinafanana kama muhogo

Kitabu cha Shirika la Afya Duniani kinachopanga aina za uvimbe kinahesabu zaidi ya aina 30 kwa tezi hizi peke yake. Kwa kiungo kidogo namna hiyo, ni nyingi ajabu. Na ugumu hauko katika wingi tu. Nyingi zimejengwa kwa matofali yale yale.

Fikiri kichala cha zabibu. Kila zabibu ni mfuko mdogo wa seli zinazotengeneza mate. Kila kikonyo ni mfereji unaoyapeleka kinywani. Ukuta wa mfereji una tabaka mbili: seli za ndani zinazotazama njia ya mate, na seli za nje zinazoukumbatia na kuukamua kama msuli. Uvimbe unapoanza, seli hizo hizo za mfuko, za ndani na za nje ndizo zinazozaana ovyo. Aina moja huzipanga kama chujio, nyingine kama vibomba, nyingine kama lundo tu. Lakini kansa moja inaweza kuwa na sehemu ya chujio, na uvimbe usio kansa ukawa na sehemu ya chujio vilevile.

Mkulima wetu anaelewa jambo hili vizuri kuliko anavyodhani. Muhogo mtamu na muhogo mchungu, ukiwa shambani, vinaweza kuwa na majani yale yale na shina lile lile. Mgeni hawezi kutofautisha. Lakini mmoja unaweza kuula mbichi, na mwingine usipolowekwa na kukaushwa utakuumiza. Tofauti haiko kwenye umbo, iko katika kile kilichomo ndani.

Kwenye labo, kipande cha mgonjwa hupakwa kwanza rangi mbili za kawaida. Moja hufanya viini vya seli kuwa vya bluu, nyingine hufanya mwili wa seli kuwa wa waridi. Ni njia nzuri, ya zamani, ya bei ndogo, na mara nyingi inatosha. Mtaalamu mwenye macho mazuri huona mengi kwa rangi hizo mbili. Lakini kuna shida: mara nyingi anapewa kipande chembamba kilichotolewa kwa sindano. Katika tezi za mate, jambo kubwa linalotenga kansa na isiyo kansa ni ukingo: je, uvimbe umekaa ndani ya ganda lake, au umeanza kuingia kwenye nyama ya jirani na kufuata neva? Kipande kidogo hakina ukingo. Ni kama kuhukumu shamba lote kwa jani moja. Hapo ndipo anapoandika kwamba anahitaji imunohistokemia, na mimi sasa ninamheshimu kwa kuandika hivyo, kwa sababu angeweza kubahatisha.

Kuita jina ndani ya umati

Jina hilo refu lina vipande vitatu. "Imuno" ni habari za kinga ya mwili. "Histos" Wagiriki waliuita mtande wa mfumaji, na wataalamu wakalichukua kwa ajili ya nyama ya mwili, kwa sababu inaonekana kama imefumwa. Kemia tunaijua. Kwa pamoja: kutumia kinga ya mwili kutafuta vitu vya kemia ndani ya mfumo wa seli.

Seli zote za mwili wako zina urithi uleule, lakini kila seli hutengeneza protini za kazi yake. Seli ya mfuko wa mate ina protini ambazo seli ya ngozi haina. Na seli iliyoharibika na kuwa kansa mara nyingine hutengeneza protini isiyostahili, au hutengeneza ya kawaida kwa wingi kupita kiasi. Hizo ndizo alama zinazotafutwa.

Chombo cha kuzitafuta ni kingamwili, zile zile ambazo mwili hutengeneza dhidi ya wadudu wa magonjwa. Sifa ya kingamwili ni kwamba kila moja hushika kitu kimoja. Mwaka 1941 Albert Coons na wenzake wa chuo cha Harvard, Marekani, walifaulu kuunganisha kingamwili na rangi inayong'aa, wakaona mahali ilipojishika. Mwaka 1966 wataalamu wengine wakaweka kimeng'enya badala ya rangi ile, na tangu hapo mikroskopu ya kawaida ikatosha. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, wakiwa Cambridge, Uingereza, walipata njia ya kutengeneza kingamwili za aina moja tu bila mwisho. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1984. Bila kazi yao, labo mbili za nchi mbili zisingeweza kuwa na uhakika kwamba zinatumia chombo kilekile.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Kipande cha mgonjwa kimekwisha kuhifadhiwa kwa formalini na kufungwa ndani ya nta ya parafini. Kinakatwa tabaka jembamba sana, la elfu chache tu za milimita, linabandikwa kwenye kioo. Linachemshwa ndani ya maji ya dawa, kwa sababu formalini huzifunga protini na joto huzifungua tena. Kisha linamwagiwa kingamwili inayotafuta protini moja, kwa mfano ile inayoitwa S100. Inaoshwa, isiyopata cha kushika inaondoka na maji. Halafu inawekwa kingamwili ya pili, inayoshika ile ya kwanza na iliyobeba kimeng'enya, na mwisho dawa ambayo kimeng'enya huigeuza kuwa ya kahawia. Penye kahawia, protini ipo. Pasipo na kahawia, haipo, au haikuonekana.

Ni kama kuita jina kanisani. Watu mia tano wameketi, wote wamevaa kitambaa kimoja cha siku ya akina mama, humjui yeyote. Unaita jina moja, anayeitwa hilo anasimama. Lakini ninyi mnayajua majina yetu. Ukiita "Furaha" katika ibada yoyote ya Kivu, watasimama kumi! S100 ni Furaha. Inasimama katika uvimbe usio kansa, inasimama katika kansa kadhaa, inasimama hata katika uvimbe wa neva. Kwa hiyo hakuna anayeamua kwa jina moja. Huitwa majina matatu, manne, matano, na huangaliwa nani amesimama, nani ameketi, na ameketi wapi. Maana mahali nako kuna maana: protini nyingine lazima ionekane ndani ya kiini cha seli, nyingine kwenye ukingo wake. Kahawia iliyo mahali pasipo pake haihesabiwi. Na kila mara labo huweka kando kipande kingine kinachojulikana kuwa na protini hiyo. Kama nacho hakikugeuka kahawia, basi kipimo cha siku hiyo kimekufa na kinarudiwa.

Ndiyo maana karatasi ya gharama ina mistari mingi. Kila mstari ni kingamwili moja.

Kansa iliyokaa ndani ya jina la nyingine

Sasa nifike kwenye karatasi ya yule mama, kwa sababu aina mbili zilizokuwa zikishindaniwa zina historia nzuri.

Moja inaitwa kansa ya asina, yaani ya ile mifuko ya mate. Imejulikana kwa miaka mingi. Ndani ya kundi hilo wataalamu waliona baadhi ya vipande ambavyo havikukaa sawa: seli zake hazikuwa na punje nyeusinyeusi ambazo seli za mfuko wa mate huwa nazo, bali zilikuwa na mapovu na ute. Walizipokea hivyo hivyo, wakasema ni kansa ya asina isiyo na punje. Mwaka 2010 Alena Skálová wa Plzeň, katika nchi ya Cheki, pamoja na wenzake, walitangaza wagonjwa 16 na kuonyesha kwamba hiyo ni kansa nyingine kabisa. Walikuwa wameona kwamba inafanana na kansa moja ya nadra ya titi. Walipochunguza urithi wake, walikuta ajali ileile: kipande cha kromosomu ya 12 kimevunjika na kuungana na kipande cha kromosomu ya 15, jeni mbili zinazoitwa ETV6 na NTRK3 zikawa moja. Jeni hiyo ya mseto hutoa protini inayoiamuru seli izaane bila kukoma. Leo kansa hiyo inaitwa kansa ya sekretori.

Habari njema kwa labo ni kwamba si lazima kuchunguza kromosomu kila mara. Protini zinasema. Kansa ya sekretori husimama kwa nguvu ukiita S100, na husimama tena ukiita mamaglobini, protini ambayo jina lake linatokana na titi. Ukiita DOG1 kwa kawaida inabaki imeketi. Kansa ya asina ni kinyume: DOG1 inaonekana kwenye kingo za seli zake, hasa upande unaotazama kijifereji, na zile mbili nyingine kwa kawaida hazionekani. Majina matatu, na mapacha wametengana.

Mwaka 2019 likaongezeka jina la nne. Timu ya wataalamu ilionyesha kwamba katika kansa nyingi za asina, kromosomu ya 4 na ya 9 zimebadilishana vipande. Hapa hakuna jeni ya mseto. Kilichotokea ni kama mtu aliyehamisha swichi: sehemu inayowasha jeni za kutengeneza mate, ambayo katika tezi huwa inawaka mchana na usiku, imewekwa karibu na jeni inayoitwa NR4A3. Nayo ikawashwa bila kuzimwa. Protini ya NR4A3 hujaa ndani ya viini vya seli, na kingamwili yake huvigeuza kahawia. Katika uvimbe mwingine wa tezi za mate si rahisi kuikuta hivyo, kwa hiyo jina hili ni la mtu mmoja kweli, si Furaha.

Kijana wa yule mama angeuliza, na ana haki: tofauti hiyo inamsaidia nini mama yangu? Nilimwuliza rafiki yangu swali hilohilo. Alinijibu kwa ukweli kwamba mwanzoni tofauti ni ndogo. Zote mbili kwa kawaida hukua polepole, na zote mbili dawa ya kwanza ni kukata vizuri, uvimbe wote pamoja na nyama safi kuuzunguka, na kulinda neva ya uso kama haijashikwa. Tofauti kubwa huja kama ugonjwa ukirudi au ukisambaa. Mwezi wa Novemba 2018 Marekani ilikubali dawa ya kumeza, larotrectinib, inayozima protini ya ajali ile ya NTRK, mahali popote mwilini ilipo. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka huo kulikuwa na wagonjwa 55 wenye kansa za aina mbalimbali, watoto kwa watu wazima. Katika asilimia 75 uvimbe ulipungua kwa kiwango kinachohesabiwa. Na kundi kubwa kuliko yote kati ya hao 55 lilikuwa la tezi za mate, watu 12. Kwa kansa ya asina dawa hiyo haina la kufanya, kwa sababu haina ajali hiyo.

Ninajua dawa hiyo haipatikani kwenye farmasi ya mtaa wetu, na bei yake ni ya kutisha. Sitaki kumpa mtu tumaini la uongo. Lakini mgonjwa ambaye karatasi yake ina jina sahihi anaweza kuulizwa habari zake miaka mitano baadaye. Yule ambaye karatasi yake ina jina la jirani hataulizwa.

Pale ambapo kosa ni kubwa zaidi

Kuna jozi nyingine ambako kukosea kunaumiza tangu siku ya kwanza. Kansa inayoitwa adenoidi sistiki ina umbo la chujio, hukua polepole, na mgonjwa huonekana mzima. Lakini hupenda kufuata neva, na inaweza kutokea kwenye mapafu miaka mingi baada ya upasuaji. Mgonjwa wake huhitaji upasuaji mpana, mara nyingi na mionzi, na kufuatwa kwa zaidi ya miaka kumi. Katika kipande kidogo cha kaakaa inaweza kufanana na adenoma ya pleomofiki, ambayo si kansa, au na adenokasinoma ya polimofu, ambayo ni kansa lakini kwa kawaida ya upole zaidi. Fikiri kosa la upande mmoja: mtu anakatwa nusu ya kaakaa bila sababu. Na la upande mwingine: mtu anaambiwa amepona, halafu anarudi akikohoa.

Hapa huitwa p63 na p40. Ni karibu ndugu: p40 ni sura fupi ya protini ya p63. Katika adenoidi sistiki seli za tabaka la nje husimama kwa majina yote mawili. Mwaka 2015 wataalamu wa Marekani walionyesha kwamba adenokasinoma ya polimofu ina tabia ya pekee: inasimama kwa p63 na kuketi kwa p40. Huongezwa CD117, ambayo katika adenoidi sistiki hushika seli za tabaka la ndani, na MYB, kwa sababu mwaka 2009 timu ya Göteborg, Sweden, ilikuta katika kansa hiyo muungano wa jeni MYB na NFIB. Kwa adenoma ya pleomofiki kuna PLAG1. Na bado, alisema rafiki yangu, kuna vipande ambavyo hata baada ya majina yote haya havisemi, na hapo anaandika "uvimbe utolewe wote kisha usomwe". Hilo nalo ni jibu.

Nitaje moja tu ya mwisho: kansa ya mfereji wa mate, ambayo ni kali na hufanana na kansa ya titi hata mtaalamu akajiuliza imetoka wapi. Nyingi zake zina kipokezi cha homoni za kiume, hata kwa mwanamke, na baadhi zina HER2 nyingi. Kwa hizo alama hazitoi jina tu; zinaonyesha dawa zinazoweza kujaribiwa, zikiwemo zinazotumika kwa titi na kwa tezi dume.

Kinachoharibu kipimo kabla hakijafika

Sehemu hii nawaomba wauguzi wa vituo vyetu vya afya waisome mara mbili. Protini huoza. Kipande kikitoka mwilini kiingie kwenye formalini mara moja, si baada ya mchana kutwa mezani. Formalini iwe nyingi, angalau mara kumi ya ukubwa wa kipande, na chupa iwe na mdomo mpana. Kisiwekwe kwenye maji ya chumvi, wala kwenye alkoli ya kusafishia vidonda, wala kwenye chupa tupu yenye pamba. Saa 6 ni chache kabisa. Na kikikaa siku nyingi kabla ya kufungwa kwenye nta, baadhi ya protini huacha kuonekana. Barabara zetu zinajulikana, na wiki mbili kwenye gari lililokwama matopeni zinatosha kufanya kingamwili isishike kitu. Mtaalamu ataona hakuna kahawia na anaweza kudhani protini haipo. Jina la mgonjwa, tarehe na saa ya kukata viandikwe kwenye chupa yenyewe, si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana.

Kikisha kuingia kwenye nta, hofu inakwisha. Kipande cha nta, kisichozidi ukubwa wa kiberiti, hukaa miaka mingi kabatini bila umeme wala friji, na kinaweza kukatwa tabaka jipya kila kinapohitajika.

Hilo ndilo lililombadilisha mama yetu. Nilipomweleza kwamba hakuna kisu tena, kwamba nyama yake imekwisha kukaa ndani ya nta na ndiyo itakayosafiri, alicheka, akauliza kwa nini hakuna aliyemwambia. Sikuwa na jibu kwa hilo pia. Familia iliandika barua ya kuomba kipande cha nta, idara ya akina mama ikachangia sehemu ya pesa, na kipande kikavuka mpaka ndani ya mkoba wa ndugu mmoja aliyekuwa anasafiri, kwa sababu labo ya kwanza haikuwa na kingamwili hizo. Majibu yalichukua wiki tatu. S100: ipo, kwa nguvu. Mamaglobini: ipo. DOG1: haipo. Kansa ya sekretori.

Alifanyiwa upasuaji. Pembe ya mdomo wake ililegea kwa miezi michache, akawa anaimba akijifunika na kitabu cha nyimbo, kisha ikarudi. Kila baada ya miezi sita anakwenda kupapaswa shingo na kupigwa picha ya kifua. Namba ya kipande chake cha nta imeandikwa kwenye kadi yake ya hospitali, na kijana wake mkubwa, yule aliyesema wanakula pesa, ameihifadhi pia kwenye simu yake.